Njaa ya Saa Nane Usiku Ni Deni la Saa Nane Mchana

Swali: Mimi ni mama wa miaka 41, fundi cherehani hapa Morogoro. Tangu Desemba, zilipoanza kazi nyingi za sare za shule, ninaamka karibu kila usiku saa nane nikiwa na njaa kali, na silali tena mpaka nile. Hula kiporo cha wali, au mkate na chai ya sukari, na siku nyingine soda. Asubuhi hunywa chai ya rangi na andazi moja, mchana kazi hunizuia kula, na jioni saa moja tunakula ugali wa sembe na mboga za majani, au wali na mchuzi. Hulala saa tano au saa sita na kuamka saa kumi na moja. Mgongo ukiuma humeza diklofenaki. Uzito umepanda kutoka kilo 64 hadi kilo 69. Jirani aliniambia ni minyoo, nikameza dawa, lakini hali haikubadilika. Je, huu ni ugonjwa? Na usiku nile nini? Mdogo wangu anayenyonyesha mtoto wa miezi mitatu naye huamka na njaa. Afuate ushauri huohuo?

Jibu: Nimelisoma swali lako mara mbili, dada yangu. Mara ya kwanza niliona njaa. Mara ya pili niliona mambo mawili uliyoyataja kwa kupita tu, yaani chakula cha mchana kisicholiwa na vidonge vya mgongo, na kwa maoni yangu jibu limo zaidi katika hayo mawili kuliko katika suala la nini cha kula saa nane usiku. Hilo nalo nitalijibu, kwa sababu mwenye njaa hashibi maelezo, lakini naomba uniruhusu nianzie mbali kidogo.

Kwanza tuwaondoe minyoo. Imani kwamba minyoo hula chakula cha mtu tumboni na kumwamsha usiku ni ya siku nyingi katika nchi zetu, na jirani yako hakuibuni yeye. Ukweli ni kwamba minyoo wakizidi tumboni mara nyingi humpunguzia mtu hamu ya kula badala ya kumwongezea, na wale wanaosumbua usiku hasa, minyoo wadogo weupe kama nyuzi, huleta muwasho kwenye njia ya haja kubwa, si njaa. Dawa uliyomeza haikukudhuru, ila usiirudie kwa kutafuta jibu ambalo halimo humo.

Mwili wa mtu mzima mwenye afya unaweza kuvuka usiku bila chakula, na una njia zake za kufanya hivyo. Ini huweka akiba ya sukari inayokaribia gramu 100, na huitoa kidogokidogo katika damu wakati mtu amelala. Akiba hiyo inapopungua, mwili huanza kutumia mafuta yake zaidi. Mafuta hayo yenyewe hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 katika Chuo Kikuu cha Rockefeller huko New York, ambayo kazi yake ni kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo, na ambayo kwa kawaida kiwango chake hupanda usiku. Mpinzani wake ni ghrelini, homoni ya njaa inayotoka tumboni, ambayo watafiti wa Japani waliitangaza mwaka 1999. Mwaka 2013 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 12 waliokaa katika maabara yenye mwanga hafifu, wakila na kulala kwa ratiba iliyovurugwa makusudi ili ionekane saa ya mwili peke yake inataka nini. Njaa yao ilikuwa juu kabisa karibu saa mbili usiku, na chini kabisa karibu saa mbili asubuhi. Kwa hiyo ifikapo saa nane usiku, njaa yako ilipaswa kuwa inateremka. Ikiwa badala ya kuteremka inakuamsha, kuna kitu kimeivuruga hesabu hiyo.

Tuipime siku yako kama unavyopima kitambaa kabla ya kukikata. Kikombe cha chai ya rangi chenye vijiko vitatu vya sukari kina nishati ya kilokalori 50 hadi 60 na hakina protini ya kuhesabika. Andazi moja la kawaida laweza kufika kilokalori 200, karibu zote zikitokana na unga mweupe na mafuta, likiwa na protini ya gramu tatu au nne. Mchana hakuna kitu. Mwanamke wa umri na uzito wako, anayekaa kwenye cherehani lakini pia ana nyumba ya kuhudumia, anahitaji takriban kilokalori 2,000 kwa siku na protini isiyopungua gramu 50 hivi. Maana yake ni kwamba ifikapo saa moja jioni, ukiwa umeshakuwa macho kwa zaidi ya saa 13, umeupa mwili kama sehemu moja ya nane ya nishati unayoihitaji na chini ya sehemu moja ya kumi ya protini. Halafu unakaa mezani, unakula mlima wa ugali wa sembe na mchicha, au sahani ya wali na mchuzi, unashiba kabisa, na kwa haki yako unaamini kwamba deni limelipwa.

Halijalipwa. Tumbo limejaa, lakini limejaa wanga laini. Sembe imekobolewa ikaondolewa kiini na pumba, na wali mweupe ndivyo ulivyo. Vyote viwili huvunjwa upesi, sukari ya damu hupanda, kongosho hutoa insulini, homoni ya kuishusha, na saa mbili hadi nne baadaye sukari hushuka, kwa watu wengine hata chini kidogo ya pale ilipokuwa kabla ya kula. Kushuka huko si ugonjwa, ila huja na njaa. Kama katika sahani hiyo hakuna protini ya kutosha, mafuta kidogo na nyuzinyuzi za kulichelewesha tumbo, saa saba kati ya chakula chako cha jioni na saa nane usiku ni safari ndefu kwa mwili ulioshinda njaa mchana kutwa. Ndiyo maana huwaambia wagonjwa wangu kwamba njaa ya saa nane ya usiku waitafute kwenye saa nane ya mchana.

Deni la pili ni la usingizi. Kulala saa sita na kuamka saa kumi na moja, tena ukikatizwa katikati, ni kulala saa nne na nusu kwa usiku. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwapunguzia usingizi vijana 12 wenye afya hadi saa nne kitandani kwa siku mbili mfululizo, wakalinganisha na siku walizoruhusiwa kulala kwa saa 10. Baada ya usiku huo mfupi leptini ilikuwa chini kwa asilimia 18, ghrelini juu kwa asilimia 28, na njaa waliyoieleza wenyewe iliongezeka kwa asilimia 24, hasa hamu ya vitu vitamu na vya wanga. Hizo zilikuwa siku mbili tu. Wewe unakwenda hivyo tangu Desemba. Ninajua kwamba mzazi anayesubiri sare ya mtoto hataki kusikia habari za leptini, lakini mwili wako nao haupokei udhuru wa msimu.

Kuna jambo la tatu, nalo ndilo linaloifanya hali hii idumu hata baada ya msimu kwisha. Tumbo lina saa. Ghrelini hupanda kabla ya muda ambao mtu amezoea kula, ili chakula kikija kimkute tayari, na muda huo ukiwa saa nane usiku, ghrelini haitauliza kwa nini. Wanaofunga Ramadhani wanalijua hili bila maabara: siku za mwanzo daku huliwa kwa kujilazimisha, kinywa kimekauka na usingizi umejaa machoni, lakini likifika kumi la mwisho mtu huamka mwenyewe kabla ngoma ya daku haijapita mtaani, na Idi ikishapita tumbo huendelea kumwamsha kwa siku kadhaa. Wewe umejipangia daku bila kufunga, au tuseme unafunga mchana bila kunuia.

Niongeze kwamba huenda hata si njaa inayokuamsha kwanza. Usingizi wa kila mtu huenda kwa mizunguko ya dakika 90 hivi, na kati ya mzunguko na mzunguko mtu huibuka kwa muda mfupi ambao kwa kawaida haukumbuki asubuhi. Joto la Morogoro, mbu, mkojo, mtoto anayelia chumba cha pili au mume anayekoroma vinaweza kumaliza kazi hiyo ya kukuamsha, na njaa ikakukuta tayari uko macho.

Sasa tuje kwenye vidonge vyako, na hapa naomba usome polepole. Diklofenaki, kama ilivyo ibuprofeni na aspirini, hutuliza maumivu kwa kuuzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, na kemikali hizohizo ndizo zinazoulinda utando wa ndani wa tumbo dhidi ya tindikali yake lenyewe. Mtu anayeimeza mara kwa mara, tena tumbo likiwa na chai na andazi tu, anajiweka karibu na vidonda vya tumbo. Kidonda kikitokea katika sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, pale chakula kinapotokea tumboni, huleta maumivu yenye tabia ya pekee: hutulia mtu akila, hurudi saa mbili au tatu baadaye, na hupenda kumwamsha kati ya saa sita na saa tisa usiku, wakati tindikali ipo na chakula hakipo. Wagonjwa wengi hawayaiti maumivu. Huyaita njaa, kwa sababu yanatoka mahali pa njaa na yananyamaza kwa chakula.

Nilipata kumhudumia baba mmoja, dereva wa lori, ambaye kwa karibu mwaka mzima alilala na pakiti ya biskuti chini ya mto. Hakuwahi kuzungumzia maumivu hata mara moja. Nilimwomba anionyeshe njaa hiyo iko wapi. Mtu mwenye njaa ya kawaida hupapasa tumbo zima kwa kiganja. Yeye aliinua kidole kimoja cha shahada na kukiweka kwenye chembe cha moyo, palepale, kisha akakibonyeza na kukunja uso. Hicho si kipimo cha hospitali na sitaki mtu ajitibu kwa kidole, lakini kilitosha kunifanya nimpeleke kwa daktari badala ya kumwandikia orodha ya vyakula, na kipimo cha kamera kikakionyesha kidonda.

Basi nawe usiku wa leo ukiamka, kabla hujaenda jikoni, kaa kitandani ujiulize: hii ni njaa iliyoenea tumboni, ambayo hata kiazi kikavu kingeitosheleza, au ni kitu kinachochoma chini ya kifua na kutulia ukimeza chochote? Au ni hamu ya soda, ambayo ukipewa kiazi huitaki? Jibu la kwanza hukurudisha kwenye hesabu ya mchana. La tatu ni mazoea. La pili ni la daktari, na ukiwa unatumia diklofenaki nisingependa usubiri.

Ukienda, mweleze daktari kuhusu vidonge hivyo bila kuulizwa, na umwombe akupime bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye kwa watu wengi ndiye chanzo kikubwa zaidi cha vidonda kuliko pilipili au mawazo tunayoyalaumu kila siku. Uhusiano wa bakteria huyo na vidonda ulionyeshwa na Barry Marshall na Robin Warren wa Perth, Australia. Wenzao hawakuwasadiki, na mwaka 1984 Marshall akanywa kikombe cha bakteria hao mwenyewe, akaugua tumbo kama alivyotarajia. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kipimo cha choo kinaweza kumwonyesha, na tiba yake ni dawa za kupunguza tindikali pamoja na antibiotiki, kwa kawaida kwa siku 14, ambazo lazima zimalizwe hata kama tumbo limetulia siku ya nne. Kosa ninaloliona mara nyingi ni la mtu kununua omeprazoli, mojawapo ya hizo dawa za kupunguza tindikali, duka la dawa, akaimeza wiki nzima, ndipo akaenda kupimwa. Dawa hiyo yaweza kumficha bakteria, na kipimo kikasema hayupo. Inatakiwa iwe imeachwa kwa wiki mbili hivi kabla ya kupimwa. Mpaka hapo utakapoonana na daktari, iache diklofenaki na utumie parasetamoli kwa mgongo, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na uangalie urefu wa kiti chako cha cherehani. Choo kikiwa cheusi na cha kunata kama lami, au ukitapika damu, nenda hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana.

Kipimo kingine ambacho ningekitaka ni cha sukari, kikichukuliwa asubuhi kabla hujala wala kunywa chai. Njaa isiyoisha ikiambatana na kiu kali, kukojoa mara nyingi usiku na kupungua uzito ni dalili inayojulikana ya kisukari. Wewe uzito umepanda, hivyo picha hiyo haijakaa sawasawa, lakini miaka 41 na kilo tano za ziada ni sababu ya kutosha. Ikiwa ni milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, na kipimo kikarudiwa siku nyingine kikasema vilevile, huo ni ugonjwa wa kisukari. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi nayo huleta njaa, ila huja na moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na mwili kukonda ingawa mtu anakula. Na kama kuna mtu amekupa vidonge vya kunenepa, vile vinavyouzwa kwa siri katika mifuko isiyo na jina, niambie ukweli moyoni mwako: vingi vina siproheptadini au deksamethasoni, dawa zinazofungua hamu ya kula kama bomba, na hiyo ya pili huharibu mambo mengi zaidi ya kiuno.

Tuje jikoni. Chakula chako cha usiku kitengeneze mchana. Asubuhi ile chai ibaki, sukari ipungue hadi kijiko kimoja, na pembeni yake pawe na kitu chenye uzito: yai moja la kuchemsha lina protini ya gramu sita, kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina gramu nane, na kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina gramu 15 hivi. Maharage ya jana yaliyohifadhiwa vizuri, yakapashwa moto mpaka yakachemka, yakaliwa na kiazi kitamu au muhogo, ni kifungua kinywa bora kuliko andazi, na kwa bei hayapishani nalo sana. Saa saba, si saa kumi, funga cherehani kwa dakika 20. Kama huna nafasi ya kupika, sahani ya wali maharage na mboga kwa mama ntilie inatosha kabisa, na ukiweza kubeba hotipoti kutoka nyumbani ni bora zaidi, kwa kuwa chakula kilichopo chini ya meza yako huliwa hata siku ya wateja wengi. Mteja anayeweza kusubiri kifungo anaweza kusubiri ule.

Jioni usiondoe ugali. Punguza mlima wake uwe nusu ya sahani au chini yake, tumia dona pale inapopatikana, na nafasi iliyobaki uijaze dagaa, maharage, choroko, mbaazi, samaki au yai, pamoja na mboga za majani zilizotiwa karanga au tui kidogo. Mafuta hayo kidogo si anasa. Ndiyo yanayolichelewesha tumbo kumwaga kila kitu kwa mara moja. Kwa kuwa mnakula saa moja na wewe unalala karibu saa sita, kuna saa tano nzima hapo katikati, na sioni ubaya wowote wa wewe kula kitu kidogo saa tatu na nusu hivi: nusu kikombe cha mtindi na ndizi mbivu moja, au kiganja kimoja cha karanga za kuchemsha. Hicho ndicho chakula cha kukuvusha usiku, na kiliwe ukiwa bado umekaa, si umeshajilaza.

Siku utakazoamka licha ya hayo, usipigane na njaa ya kweli kwa kunywa maji na kujigeuzageuza kitandani mpaka alfajiri. Kula, lakini kidogo na kwa utaratibu. Kusudia kilokalori 150 hadi 200 tu: yai la kuchemsha na kipande cha kiazi kitamu, au kikombe kidogo cha uji wa ulezi usio na sukari nyingi, au gramu 30 za karanga, ambazo ni kiganja kimoja chenye nishati ya kilokalori 170 hivi na protini ya gramu saba. Karanga chungu au yenye ukungu itupwe, usiimeze gizani kwa uvivu wa kuwasha taa, maana sumukuvu haina mchezo na ini. Mtindi, ambao wenzetu wa Kenya huuita maziwa lala, jina ambalo naliona linafaa sana kwa saa hiyo, ni chaguo zuri kwa asiye na kidonda. Kwa mwenye kidonda, maziwa hutuliza kwa muda mfupi kisha huliamsha tumbo litoe tindikali zaidi. Zamani tuliwashauri wagonjwa wanywe maziwa usiku, na ushauri huo umeshaachwa.

Unachokula sasa ndicho kinachonitia wasiwasi. Soda ya mililita 350 hubeba sukari inayozidi gramu 35, karibu vijiko tisa vya chai, na usiku mwili huishughulikia sukari vibaya kuliko mchana, kwa sababu insulini hutoka kwa uchache na hufanya kazi kwa uzito, hivyo chakula kilekile hupandisha sukari ya damu zaidi usiku kuliko asubuhi. Mate nayo hupungua mtu akilala, na sukari inayobaki mdomoni huwa karamu ya bakteria wa meno mpaka asubuhi. Chai ina kafeini, ambayo nusu yake hubaki mwilini kwa saa tano hivi. Unakunywa ili ulale, nayo inafanya kazi kinyume chako.

Kuhusu kiporo cha wali, nina neno kali kidogo. Wali uliopikwa saa kumi na mbili jioni na kuachwa kwenye sufuria jikoni, katika joto la kwenu, ukiliwa saa nane usiku umekaa saa nane. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake hazifi wali unapochemka. Wali ukikaa vuguvugu mbegu hizo huamka, huzaliana na kutoa sumu ya kutapisha, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha upya mpaka ukafuka. Kama kuna friji, wali uingie humo ndani ya saa moja au mbili tangu kupikwa, ukiwa umetandazwa kwenye chombo kipana ili upoe haraka. Kama hakuna friji, kiazi cha kuchemsha chenye ganda lake, kilichopikwa jioni hiyohiyo, au ndizi, hukaa salama zaidi.

Ukishakula, kaa au tembea taratibu chumbani kwa karibu nusu saa kabla ya kulala, sukutua mdomo, na ukilala lalia ubavu wa kushoto, kwa sababu umbo la tumbo katika mlalo huo huzuia tindikali kupanda kooni. Taa kubwa usiiwashe na simu usiiguse. Hizo mbili huuambia ubongo kwamba kumekucha.

Kisha anza kulizoesha tumbo saa nyingine. Wiki mbili za kwanza usijinyime chochote usiku, rekebisha mchana tu, na uandike kwenye daftari lako la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma, ulichokula na saa uliyoamka. Wiki ya tatu na ya nne punguza kile cha usiku kiwe nusu. Baada ya hapo, ukiamka, kunywa maji kidogo na usubiri robo saa. Mara nyingi usingizi hurudi kabla ya robo saa hiyo kwisha. Ikiwa wiki sita zimepita, unakula vizuri mchana, vipimo ni safi, na bado unaamka mara mbili au zaidi kwa wiki huku ukiamini huwezi kulala bila kula, asubuhi huna hamu ya chakula kabisa na moyo ni mzito, rudi kwa daktari umweleze hivyo hivyo. Iko hali inayojulikana kwa sura hiyo tangu mwaka 1955, ilipoelezwa na daktari Albert Stunkard wa Marekani, na tiba yake iko zaidi katika mazungumzo na mtaalamu wa afya ya akili kuliko jikoni.

Msomaji mwingine mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi, ambavyo hushusha sukari, asifuate mpango huu wa kupunguza. Kwake, kuamka na njaa huku akitetemeka na kulowa jasho kunaweza kumaanisha sukari imeshuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, na hapo hasubiri robo saa: apime kama ana kifaa, ale vijiko vitatu vya sukari katika maji au anywe nusu glasi ya soda yenye sukari, apime tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula, na kesho yake aende kliniki dozi yake ikaangaliwe.

Na mdogo wako? Hapana, yeye asifuate ushauri huu, isipokuwa ule wa wali na wa soda. Kutengeneza maziwa ya mtoto wa miezi mitatu huugharimu mwili wake takriban kilokalori 500 za ziada kila siku, na kiasi kikubwa huondoka usiku, mtoto anaponyonya. Njaa yake ni ya haki na ilishwe bila kuhesabu, na kama hapati hamu ya kula mchana ndipo nitakapokuwa na wasiwasi naye. Ampikie mtu uji wa ulezi uliochanganywa na unga wa karanga au maziwa, autie kwenye chupa ya chai saa tatu usiku, na chupa hiyo pamoja na kikombe na glasi ya maji viwekwe karibu na kitanda, upande ule anaonyonyeshea, ili asilazimike kumlaza mtoto chini na kwenda jikoni.